Nati za Mwingereza

Wajerumani walipofukuzwa Mwanza mwaka 1916 waliondoka na kipimo chao cha mita, na Waingereza waliowafuata wakatuletea inchi, ratili na galoni. Watoto wa kizazi changu, tuliozaliwa karibu na mwaka 1950, tulikariri kwamba inchi 12 ni futi moja na futi 3 ni yadi moja. Tulipokwisha kukariri tukaambiwa kwamba nchi imehamia mita, tuanze upya. Nilifundisha hesabu kwa muda mrefu, nami nathubutu kusema kwamba inchi haikuondoka. Iliondoka madukani na katika vitabu vya shule, ikaenda kujificha ndani ya magari. (Maseremala nao wameificha, lakini hiyo ni habari nyingine.)

Ninalo gari moja lililonifundisha jambo hilo kuliko kitabu chochote. Ni Land Rover ya mwaka 1965, ile ndefu tuliyozoea kuiita "109" kwa sababu kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma ni inchi 109. Ilikuwa mali ya chuo kimoja cha ualimu cha huku Kanda ya Ziwa. Nilisafiri ndani yake nikiwa mkufunzi kijana, ikachakaa, ikapigwa mnada, nikainunua ikiwa haitembei, na baada ya kustaafu nikatumia miaka 9 kuifufua. Majirani wengi walidhani akili imenipungua. Mke wangu yeye hakudhani; alikuwa na hakika.

Msomaji atakayetaka kuelewa kwa nini kazi ya gari moja ilichukua miaka 9 hana budi kujua kwanza gari hilo lilitoka wapi, na spea zake zilipitia njia gani kufika hapa.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imeshinda vita lakini mfuko wake ulikuwa mtupu. Feleji ilitolewa kwa mgawo, na viwanda vilivyouza bidhaa nje ya nchi ndivyo vilivyotangulizwa. Alumini, kwa upande mwingine, ilikuwapo kwa wingi, kwa kuwa viwanda vya ndege za kivita vilikuwa vimepunguza kazi. Ndipo Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, ambaye shambani kwake alikuwa akitumia Jeep kuukuu ya Wamarekani, alipobuni gari la shamba lenye bodi ya alumini juu ya chesisi ya feleji. Kampuni ilikusudia gari hilo liivushe katika miaka michache ya dhiki, kisha irudie magari yake ya kifahari. Dhiki ikaisha, gari likabaki. Liliendelea kutengenezwa kule Solihull, kwa mabadiliko ya hapa na pale, hadi Januari 2016.

Mwaka huohuo wa 1948 Waingereza walitoa pia Morris Minor. Hapa Mwanza magari yote mawili yalijulikana sana. Morris na Austin zilikuwa za makarani wakubwa, waganga wa serikali na wafanyabiashara wa mjini. Land Rover ilikuwa ya bwana shamba, ya misheni na ya mkuu wa wilaya. Leo ukitaka kumwonyesha mjukuu Morris Minor itakubidi umwonyeshe picha, lakini Land Rover za zamani bado utakutana nazo barabarani. Oktoba 2024 mamia yake yalikusanyika Arusha, na watu wakaenda kuyatazama kama waendavyo kutazama mpira.

Watu husema sababu ni uimara. Mimi nasema ni spea. Morris ilikuwa imara pia. Lakini injini ya petroli ya cc 2,286 iliyowekwa ndani ya Land Rover kuanzia mwaka 1958 iliendelea kuwekwa hadi mwaka 1985. Giaboksi ya toleo la tatu, lililoanza mwaka 1971, inaingia katika gari la toleo la pili bila ugomvi mkubwa. Milango, springi, vioo na ngoma za breki vilibadilika polepole mno. Kwa hiyo gari la mwaka 1965 linaweza kuishi kwa viungo vya gari la mwaka 1983, mradi wewe mwenyewe ujue nini kinaingia wapi. Kampuni yenyewe iliuzwa na kuuzwa tena: ikawa chini ya British Leyland, ikachukuliwa na BMW ya Ujerumani mwaka 1994, ikaenda kwa Ford wa Marekani mwaka 2000, na tangu mwaka 2008 ni mali ya Tata wa India. Wenye mali walibadilika, namba za spea zikabaki zilezile. Mjukuu wangu anaiandika namba ya mwaka 1965 kwenye simu, na duka la ng'ambo linamjibu bei siku hiyohiyo.

Tanganyika ilionywa mapema kuhusu mashine zisizo na spea. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga, makao yake makuu yakiwa Kongwa. Matrekta mapya hayakupatikana, wakanunua mitambo iliyotumika vitani, na hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Mitambo ikafa mmoja baada ya mwingine porini, na spea hazikuwapo. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa. Tulipokuwa shule wazee walitusimulia habari za Kongwa kwa kicheko, na sisi tukacheka pia. Tulikuja kunyamaza miaka thelathini baadaye, nitakapofika.

Huku Usukumani Land Rover ililetwa na pamba. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima viliungana na kuunda shirikisho la Victoria, lile la Paul Bomani, na shirikisho hilo likajenga vinu vya kuchambulia pamba. Ambako paliandaliwa soko la pamba, palipita Land Rover. Baadaye zikaja za elimu. Kati ya mwaka 1968 na 1972 UNESCO iliendesha mradi wake wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Ziwa, makao yakiwa hapa Mwanza; kisha Novemba 1974 chama kilipokutana Musoma kikaazimia kwamba kila mtoto aende shule ifikapo mwaka 1977. Walimu wa kuwafundisha watoto hao hawakuwapo. Ilibidi wafundishwe hukohuko vijijini, na sisi wakufunzi tukawa watu wa kukaa ndani ya gari kuliko darasani.

Siku hizo spea zilifika Mwanza kwa njia mbili. Moja ni reli ya kutoka Dar es Salaam kupitia Tabora, iliyofika hapa mwaka 1928. Nyingine, ambayo vijana wa leo hawaikumbuki, ni ya Mombasa: reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na kutoka hapo mizigo ilipakiwa melini. Meli ya Victoria ilipoanza kazi mwaka 1961, agizo lililopelekwa Nairobi liliweza kurudi likiwa kasha kamili kabla mtu hajasahau alichoagiza. Maduka ya spea mjini yalikuwa aghalabu ya Wahindi. Mwenye duka alikaa nyuma ya meza na daftari nene, ukamtajia gari na kiungo, akakutajia namba kwa kichwa bila kulifungua daftari.

Njia hizo zilikatika moja baada ya nyingine. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo, na wengi wa wenye maduka wale wakahama nchi, wakaondoka na zile namba vichwani mwao. Sisemi sheria ile ilikuwa mbaya au nzuri; wako waliopata nyumba kwa sababu yake. Nasema tu kwamba maarifa ya spea hayakuwa yameandikwa popote, yalikuwa ndani ya watu, na watu wakaenda Toronto na Leicester. Februari 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa, Jumuiya ikavunjika, na Kisumu ikawa mbali kama London. Uchungu zaidi ni kwamba katika miaka hiyohiyo kiwanda cha Leyland cha Thika kilikuwa kinaunganisha Land Rover, mwendo wa siku moja tu kutoka Sirari. Mpaka ulikuja kufunguliwa Novemba 1983. Katikati hapo, Oktoba 1978, Idi Amin akaivamia Kagera, na magari yenye uhai yakachukuliwa kwenda vitani. Yaliyorudi yalirudi yamechoka.

Kwa hiyo tulipofika mwaka 1980 Kongwa haikutuchekesha tena. Fedha za kigeni hazikuwapo. Magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Mwaka 1983 ulipoanza msako wa wahujumu uchumi, ilisemekana kwamba wenye bidhaa walizitupa usiku ziwani na vichakani, na mafundi wa Mabatini walisema kwa utani kwamba sangara sasa wana pistoni za kutosha. Gereji za idara za serikali zilikuwa na ua wa magari yaliyolala, na kila fundi aliyekuwa na gari bovu alikwenda uani usiku au mchana, kwa ruhusa au bila ruhusa, kufungua kiungo kwa aliyekufa ili kumpa aliye hai.

Nitasimulia usiku mmoja wa mwaka 1982 ili msomaji aone maana ya jambo hili. Tulikuwa na wanachuo katika mazoezi ya kufundisha huko Sengerema, na mmoja wao, kijana wa miaka 20, akashikwa na malaria iliyompanda kichwani. Zahanati ilituambia tumpeleke Bugando. Tulipobakiza kilometa kama 12 kufika kivuko cha Busisi ikasikika kelele nyuma kama fimbo inayovunjwa gotini, na gari likasimama ingawa injini ilikuwa inanguruma. Hafu shafti ya nyuma ilikuwa imekatika. Ni ugonjwa unaojulikana wa Land Rover za zamani. Shafti zake za nyuma ni nyembamba mno kwa mzigo tuliozitwisha.

Dereva wetu hakuonyesha wasiwasi. Alishuka, akafungua nati 6 za kifuniko cha gurudumu, akakivuta kipande cha shafti kama mtu anayechomoa upanga, kisha akarudi ndani na kuliingiza gari katika magurudumu manne. Katika gari lile magurudumu hayashikiliwi na shafti, yanashikiliwa na ekseli, kwa hiyo shafti ikitolewa gurudumu halichomoki. Na giaboksi ikishaunga mbele na nyuma, hata kama nyuma hakuna kinachovuta, mbele panavuta. Tulifika Busisi tukivutwa na magurudumu ya mbele, tukaamsha watu wa kivuko, na alfajiri tulikuwa Bugando. Kijana alipona, amestaafu ualimu mwaka juzi. (Tangu Juni 2025 hapo pana daraja, unavuka kwa dakika chache, na sidhani kama wapitao wanajua usiku ulikuwa mrefu kiasi gani upande ule wa Busisi.)

Shafti mpya haikupatikana kwa miezi 7. Tuliipata hatimaye katika gari lililokufa kwenye kinu cha pamba, ikaletwa imefungwa kwenye baiskeli.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao ng'ambo waingize bidhaa, na katika miaka ya 90 magari yaliyotumika ya Kijapani yalimiminika. Land Rover za umma zikawekwa kando. Ile ya chuo ilipigwa mnada, nami niliinunua kwa bei ya ng'ombe wawili. Ilikaa nyuma ya nyumba yangu chini ya mwembe hadi nilipostaafu, ikawa kiota cha kuku na shule ya udereva ya watoto wa mtaa mzima.

Nilipoanza kuifungua nilishukuru kwa jambo moja: ziwa letu ni la maji baridi. Land Rover ya Tanga au ya Dar es Salaam huliwa na chumvi. Bodi ya alumini huendelea kung'aa huku chesisi ya feleji iliyo chini yake imekuwa kama biskuti. Ya kwangu ilikuwa imeoza mahali pawili tu, nyuma karibu na springi. Anayetafuta chesisi ya akiba namshauri aitafute Shinyanga au Dodoma, kwenye ukame.

Tatizo langu lilikuwa nati.

Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa maana ndipo palipo na uhondo kwangu. Zile nyuzi zilizochongwa kwenye bolti, ambazo kwa Kiswahili huitwa hesi na mafundi huziita sredi, hazifanani duniani kote. Zamani kila kiwanda cha Uingereza kilichonga za kwake. Mwaka 1841 Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja kwa nchi nzima: pembe ya hesi iwe nyuzi 55, na kila unene wa bolti uwe na idadi yake maalumu ya hesi kwa inchi. Baadaye ikaongezwa jamii ya pili, pembe ileile, hesi nyembamba zaidi. Ilipokuja Vita Kuu ya Pili, Waingereza, Wamarekani na Wakanada wakagundua kwamba bolti ya mmoja haiingii kwenye injini ya mwenzake. Mwaka 1948 wakakubaliana kipimo cha pamoja, cha pembe ya nyuzi 60. Mwaka huo ndio aliozaliwa Land Rover. Amezaliwa katikati ya kuhama nyumba, na hakuwahi kumaliza kuhama. Gari langu lina bolti za Whitworth na ndugu zake, hasa kwenye giaboksi na ekseli, na lina bolti za mapatano ya 1948 mahali pengine. Juu ya hizo, kila fundi aliyeligusa baada ya mwaka 1980 alitia bolti aliyokuwa nayo, na aliyokuwa nayo ilikuwa ya milimita, kutoka kwa Toyota au Isuzu.

Chukua bolti ya inchi 5/16. Unene wake ni milimita 7.94. Bolti ya Kijapani ya milimita 8 ina unene karibu huohuo, na ukizishika mkononi huwezi kuzitofautisha. Lakini ile ya Mwingereza ya zamani yenye hesi nyembamba ina hesi 22 kwa inchi, ile ya mapatano ina 24, na ya milimita ina kama 20. Ukiingiza ya milimita kwenye tundu la Mwingereza itakubali mzunguko wa kwanza, itakubali wa pili, na wa tatu itaanza kukaza. Kijana mwenye misuli ataona imekaza vizuri. Kumbe inakula alumini. Siku ya kuifungua inatoka na hesi zote za tundu zikiwa zimeizunguka kama maganda ya muwa. Katika kifuniko kimoja cha giaboksi yangu tulihesabu bolti 10 za jamii tatu tofauti, na matundu 4 yaliyokuwa yameliwa.

Hata spana zake zina lugha yake. Namba iliyoandikwa kwenye spana ya Whitworth haitaji upana wa kichwa cha nati, inataja unene wa bolti. Ndiyo maana mtu aliyezoea 13 na 14 hushika spana ya robo inchi akaona ni kubwa kuliko jina lake, akadhani imeandikwa vibaya.

Fundi wangu namwita Mzee, naye ananiita Mwalimu. Kwa miaka 9 hatujawahi kuitana majina. Amenizidi umri kwa miaka kadhaa. Alijifunza kazi katika karakana ya kinu cha pamba katika miaka ya 60, chini ya fundi mkuu wa Kihindi aliyempiga vidoleni kwa rula kila alipochukua bolti isiyo yake. Macho yake yamefifia sasa, haoni tena namba ndogo. Lakini ukimpa bolti huipitisha kwenye ukucha wa kidole gumba, mara moja, akakwambia: "Hii ya mapatano, Mwalimu. Ile ya zamani ina mabega." Nilitaka kujua kama anabahatisha. Nikanunua kipimo cha hesi, vile vijiti vyenye meno, nikampa bolti 30 nilizozichanganya mwenyewe. Alipatia 29, na ile moja aliyokosa ilikuwa imeliwa nusu.

Tabia hii ya kusoma chuma kwa mkono si ngeni kwetu. Kabla ya Mjerumani na Mwingereza, ng'ambo ya maji huko Uzinza, Warongo waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyovushwa hadi Usukuma, ambako yalihesabiwa hata katika mahari. Mzee mwenyewe ana bibi wa huko. Sitaki kudai kwamba ujuzi hurithiwa katika damu, maana sijaona ushahidi. Aliyemfundisha alikuwa Mhindi mwenye rula.

Mambo ya umeme yalikuwa mepesi kuliko nilivyohofu. Land Rover za umri wa gari langu zilifungwa betri kinyume na za leo, upande chanya ukiungwa kwenye bodi. Ndiyo sababu redio nyingi za Kijapani ziliungua dakika ile zilipounganishwa. Tuliligeuza: nyaya za betri zikabadilishwa upande, za koili vilevile, na mahali pa dainamo ya Lucas tukafunga oltaneta ya Kijapani kwa kibao alichokichonga welda wa Nyakato. Stata haikuhitaji lolote, kwani stata ya namna ile huzunguka upande uleule hata ukiigeuzia betri. Kwa beringi pia sikupata shida. Beringi huandikwa namba, namba hiyo inafahamika kote, na muuzaji hana haja ya kujua inakwenda kwenye gari gani au kwenye mashine ya kusaga.

Breki ndizo zilizotaka kunikosesha usingizi. Nilinunua katika duka moja la mjini seti ya mipira ya silinda za breki, ikiwa ndani ya boksi zuri lenye nembo zote. Mzee aliitazama boksi kwa muda mrefu, ingawa haoni, kisha akaweka mpira mmoja katika kopo la maji ya breki na kulifunika. Baada ya wiki tatu mpira ulikuwa umevimba ukawa laini kama uji mzito. Laiti ungekuwa ndani ya silinda, breki zingeshika siku ya kwanza, zingeshika siku ya pili, na siku ya kushuka mlima zingekataa kuachia au kukataa kushika. Bolti isiyofaa inaharibu tundu. Mpira usiofaa unaua watu. Katika miaka ile ya dhiki niliona magari yakitiwa maji ya sabuni kwenye breki, kila mtu akijua ni maji ya sabuni na kuendesha kwa hofu ipasavyo. Feki ya leo ni mbaya zaidi kwa sababu imekuja na boksi na inaondoa hofu. Mipira halisi tuliipata Arusha, ambako magari ya watalii yameyaweka hai maduka ya Land Rover; tuliifanyia jaribio lilelile la kopo, ikakaa wiki sita bila kubadilika.

Kuhusu injini tulibishana nyumbani karibu mwaka mzima. Wanangu walitaka niweke ya dizeli ya Kijapani, kama wafanyavyo wengi. "Baba, gari hili linakunywa lita moja kila kilometa 6, nani atalijaza?" Hoja yao ilikuwa na nguvu. Ipo pia njia ya kati: injini ya dizeli ya 200Tdi, ambayo Land Rover waliitoa mwaka 1989, ni mjukuu wa injini ile ya zamani na inaungana na giaboksi yake kwa matundu yaleyale. Nilifikiri sana juu ya hiyo. Mwishowe nilibaki na petroli, si kwa kupenda mambo ya kale, bali kwa sababu injini ya Kijapani ingedai kibao cha kuunganishia giaboksi, mikono mipya ya kuishikilia, rejeta nyingine, na kila kitu hicho kingekuwa cha gari langu peke yake. Likiharibika nikiwa sipo, hakuna kitabu kitakachomwambia fundi kilichomo. Spea ya gari la namna hiyo haina namba.

Hata hivyo injini ilihitaji marekebisho. Ilibuniwa kwa petroli yenye risasi, na risasi iliondolewa katika petroli ya nchi zetu kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Bila risasi viti vya valvu za moshi huliwa polepole. Tulipeleka kichwa cha injini kwa mkerezaji, akachimba viti vya zamani na kupachika pete za chuma kigumu. Silinda zilipanuliwa, pistoni za saizi ya juu zikaja kutoka Nairobi kupitia Sirari kwa basi, siku mbili tu njiani. Nilipozipokea stendi nilikumbuka zile miezi 7 za kungoja shafti.

Gari linatembea tangu mwaka jana. Mzee haji tena kila siku; anamtuma mjukuu wake, binti wa miaka 19 anayesoma ufundi wa magari, ambaye hunisalimia "Shikamoo babu" huku tayari ameshaingia chini ya gari. Ana kipimo cha hesi mfukoni, lakini nimemwona akipitisha bolti kwenye ukucha kwanza na kukitumia kipimo baadaye. Yeye ndiye aliyeandika daftari tulilonalo sasa, lenye kila bolti ya gari hili, jamii yake, urefu wake na mahali pake, kurasa 46.

Bado tunakosa vitu vitatu: kioo cha saa ya mafuta, mpini wa mlango wa nyuma, na hafu shafti moja ya nyuma ya akiba, ambayo sitasafiri bila kuwa nayo. Najua Land Rover nyingi za vyama vya ushirika zingali zimelala katika maua ya vinu huko Kwimba, Magu na Geita, na najua wanunuzi wa chuma chakavu wanazipitia, kwa kuwa nimeona sufuria zikikalibiwa kwa vifuniko vya giaboksi. Kama yupo msomaji mwenye gari la namna hiyo, asiliuze kwa kilo kabla hajatuita tulitazame. Binti atakuja na spana zake, na tutalipa vizuri kuliko muuza sufuria.